Kupata Mtaji wa Mwekezaji Bila Kupoteza Shamba

Barabara ya Dongo Kundu imeifungua Kwale kwa namna ambayo wakazi wameiona kwa macho yao. Gari linalotoka Nairobi au Mombasa sasa linaweza kufika Ukunda bila kusubiri feri ya Likoni, na ndani ya gari hilo huenda mmekaa mtu anayetafuta ploti. Kuanzia Tiwi, Diani na Galu hadi Gazi, Msambweni na Shimoni, wenye mashamba wanaulizwa swali lile lile: unauza? Wengine wanaulizwa swali tofauti kidogo: tushirikiane? Wewe una ardhi, mimi nina pesa. Tujenge hoteli, nyumba za likizo au ghala la samaki, kisha tugawane faida.

Swali hili la pili ndilo linalohitaji maelezo zaidi. Kuuza shamba ni jambo linalomalizika siku moja, na kila mtu anajua amepata nini na amepoteza nini. Kushirikiana na mwekezaji kunaweza kuendelea kwa miaka 30 au zaidi, na karatasi inayotiwa sahihi leo ndiyo itakayowaongoza wajukuu ambao bado hawajazaliwa. Makala haya yanaeleza pesa za wawekezaji binafsi zinatoka wapi, zinaingiaje katika mradi mkubwa, sheria inasema nini kuhusu ardhi inayotumiwa kama mtaji, na dalili za tapeli ni zipi.

Wazee wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Ili mwenyeji apone, ni lazima ajue mgeni amekuja na nini, na yeye mwenyewe anatoa nini.

Pesa za mwekezaji ni za aina gani?

Kwa ufupi, pesa zinazoingia katika mradi mkubwa ni za aina mbili: mtaji wa hisa na mkopo.

Mwenye mtaji wa hisa ananunua sehemu ya kampuni. Mradi ukipata faida, anapata mgao. Mradi ukipata hasara, anapata hasara pamoja nanyi. Kwa kuwa amejitwika hatari hiyo, atataka kura katika maamuzi, kiti katika bodi ya wakurugenzi, na haki ya kukagua hesabu.

Mkopeshaji hanunui sehemu ya kampuni. Anataka arudishiwe pesa zake pamoja na riba kwa tarehe zilizopangwa, mradi upate faida au usipate. Kwa sababu hiyo anataka dhamana, na katika miradi ya ujenzi dhamana hiyo huwa karibu kila mara ni hatimiliki ya ardhi.

Miradi mingi mikubwa huchanganya aina zote mbili, na pesa zikianza kuingia kuna foleni ya malipo. Wafanyakazi, wauzaji bidhaa na kodi hulipwa wakati kazi inaendelea. Kisha hulipwa mkopeshaji. Mwenye hisa hulipwa mwisho, kwa kile kilichobaki. Kabla ya kukubali ushirikiano wowote, jiulize: mimi nitasimama wapi katika foleni hii?

Kuna njia ya tatu ambayo watu wengi hawaitambui kuwa ni kuchangia mtaji, nayo ni kununua nyumba kabla haijajengwa. Mjenzi wa nyumba za Diani anapopokea amana kutoka kwa wanunuzi akiwa bado na ramani tu, anajenga kwa pesa zao. Wanunuzi hao ni wawekezaji, hata kama wanajiona wateja. Sheria ya Mali za Sehemu ya mwaka 2020 inaruhusu kila nyumba katika jengo la ghorofa kuwa na hatimiliki yake, lakini hatimiliki hiyo haiwezi kutoka kabla jengo halijasimama. Anayelipa mapema ahakikishe ameiona hatimiliki ya ardhi na kibali cha ujenzi, na pesa zake zikae katika akaunti ya amana inayosimamiwa na mawakili wa pande zote mbili, zikitolewa kwa awamu kadiri ujenzi unavyopanda.

Kwa wakazi wasiotaka kuhusika na riba, zipo taratibu za Kiislamu zinazotambuliwa na mabenki kadhaa nchini. Katika musharaka, pande zote huchangia mtaji na kugawana faida kwa kiwango walichokubaliana, na hasara kwa kadiri ya mtaji wa kila mmoja. Katika mudaraba, mmoja hutoa pesa na mwingine hutoa kazi na ujuzi. Katika ijara, mwenye pesa hununua mali na kuikodisha. Mwaka 2023 Kenya ilipata sukuk yake ya kwanza, Linzi, ya shilingi bilioni 3, iliyotolewa kwa ajili ya ujenzi wa nyumba. Kwa hivyo anayesema mradi mkubwa hauwezi kujengwa bila riba hajasikia habari hizi.

Kwale imeshapita njia hii

Si lazima twende mbali kutafuta mfano. Mradi mkubwa zaidi wa mtaji binafsi kuwahi kuonekana katika kaunti hii ni mgodi wa madini wa Maumba na Nguluku.

Kampuni ya kwanza kuutaka mradi huo ilikuwa Tiomin ya Kanada. Mwaka 2001 Mahakama Kuu ya Mombasa iliisimamisha kwa muda baada ya wakazi kulalamika kwamba masharti ya tathmini ya mazingira hayakuwa yametimizwa. Mwaka 2004 kampuni ilipata leseni maalumu ya uchimbaji, lakini miaka ikapita bila mgodi kujengwa. Leseni walikuwa nayo na madini yalikuwa chini ya ardhi, lakini fedha za kujenga hazikupatikana.

Mwaka 2010 mradi ulinunuliwa na Base Resources ya Australia. Ujenzi ulihitaji takriban dola milioni 300 za Marekani. Sehemu ya pesa hizo ilitoka kwa wanahisa walionunua hisa za kampuni hiyo, na sehemu nyingine ilikuwa mkopo wa dola milioni 170 uliotolewa kwa pamoja na mabenki ya biashara na taasisi za fedha za maendeleo, zikiwemo za Ulaya. Shehena ya kwanza kubwa ya madini iliondoka bandari ya Likoni Februari 2014. Uchimbaji ulikoma Desemba 2024, miezi michache baada ya Base Resources kununuliwa na Energy Fuels ya Marekani.

Tunajifunza mambo matatu hapo. La kwanza, wakopeshaji wa aina hiyo hawatoi pesa kabla ya kusoma karatasi zote: leseni, tathmini ya mazingira, umiliki wa ardhi, na hali ya watu wanaoishi hapo. Kesi ya mahakamani au fidia isiyolipwa ni doa ambalo mkopeshaji makini huliona. La pili, mwenye kampuni anaweza kubadilika. Familia zilizohamishwa kwenda Bwiti zilianza mazungumzo na Wakanada, mgodi ukajengwa na Waaustralia, na ukaishia mikononi mwa Wamarekani. Ahadi ya mdomo ya meneja wa kwanza haimfungi wa tatu. Kinachofunga ni maandishi. La tatu, mgodi una mwisho. Anayeweka mkataba afikirie pia siku ambayo kazi imekwisha: nani atairudisha ardhi katika hali nzuri, na kwa pesa za nani?

Ramisi nako kuna funzo. Kiwanda cha sukari kilichokufa mwishoni mwa miaka ya 1980 kilifufuliwa na kampuni ya KISCOL, ambayo baadaye iliingiza mwanahisa kutoka Mauritius, kampuni ya Omnicane. Mashamba ya miwa yako katika ardhi ya kukodishwa, na mvutano kati ya kampuni na wakazi kuhusu nani anastahili kuwa wapi ulifika mahakamani. Mipaka isiyopimwa na kukubaliwa kabla ya pesa kuingia hugharimu pande zote mbili baadaye.

Hesabu ya ekari tano

Tuchukue mfano wa kufikirika. Familia moja ina ekari tano karibu na Msambweni. Mthamini amesema ekari moja ni shilingi milioni 12, hivyo shamba zima ni milioni 60. Mwekezaji anataka kujenga hoteli ndogo itakayogharimu milioni 300 pamoja na ardhi. Anasema atatoa milioni 90, na milioni 150 zitakopwa benki. Familia iweke shamba kama mtaji wake.

Mtaji wa hisa ni milioni 60 za familia na milioni 90 za mwekezaji, jumla milioni 150. Familia inamiliki asilimia 40. Hiyo inapendeza kusikia. Tazama sasa yanayofuata.

Mwaka mzuri, hoteli inabakiwa na milioni 45 baada ya gharama za uendeshaji. Benki inachukua milioni 30 za mkopo na riba. Zinabaki milioni 15, na tukiacha kodi kando, familia inapata milioni 6. Mwaka mbaya, watalii wamepungua na hoteli inabakiwa na milioni 20 tu. Benki inadai milioni 30 zile zile. Familia haipati kitu, na deni limeanza kurundikana. Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, benki inatoa notisi ya siku 90, kisha notisi ya siku 40 ya kuuza. Kinachouzwa ni shamba la familia, kwa sababu hatimiliki ndiyo iliyowekwa rehani. Mwekezaji amepoteza pesa zake, naam, lakini familia imepoteza mahali pa kuzikwa.

Kuna hatari nyingine isiyo na kelele. Miaka mitatu baadaye mwekezaji anasema hoteli ipanuliwe kwa milioni 150, na hisa mpya za thamani hiyo zitolewe. Familia haina pesa za kununua hisa mpya, hivyo mwekezaji anazinunua zote. Sasa hisa ni za milioni 300, na zile milioni 60 za familia zimekuwa asilimia 20. Hakuna aliyeiba chochote, lakini nguvu ya familia imekatwa nusu.

Je, kuna njia nyingine? Ipo. Familia inaweza kubaki na hatimiliki na kuikodisha ardhi kwa kampuni ya hoteli kwa miaka 30, kwa kodi ya, tuseme, milioni 3 kwa mwaka inayokaguliwa upya kila baada ya miaka mitano, pamoja na asilimia ndogo ya mauzo. Mwaka mzuri itapata pungufu ya yule mwenye hisa. Mwaka mbaya bado inadai kodi yake. Kampuni ikitaka mkopo, itaweka rehani ule mkataba wa ukodishaji. Ikishindwa kulipa, benki itauza miaka iliyobaki ya mkataba, na mpangaji mpya ataendelea kulipa kodi. Ardhi yenyewe haiguswi, na mkataba ukiisha inarudi pamoja na kilichojengwa juu yake, ikiwa mkataba umesema hivyo.

Hatusemi kukodisha ni bora kwa kila mtu. Mwenye ujuzi wa biashara na akiba ya kustahimili miaka mibaya anaweza kuchagua hisa na akafaidi. Tunasema kila njia ina bei yake, na bei hiyo ihesabiwe mapema kwa karatasi na kalamu.

Sheria inavyoilinda ardhi

Kifungu cha 65 cha Katiba kinasema asiye raia wa Kenya anaweza kumiliki ardhi kwa kukodisha tu, kwa muda usiozidi miaka 99. Wengi wanalijua hilo. Wasilolijua ni kwamba kampuni huhesabiwa kuwa raia pale tu inapomilikiwa na raia wa Kenya kwa asilimia 100. Kampuni yenye mwanahisa mmoja mgeni, hata akiwa na hisa chache, si raia. Kwa hivyo familia yenye shamba la umiliki wa kudumu ikilihamishia katika kampuni iliyoundwa pamoja na mwekezaji wa kigeni, umiliki ule wa kudumu unageuka kuwa ukodishaji wa miaka isiyozidi 99. Jambo hili lijulikane kabla ya sahihi.

Ikiwa shamba ni la kilimo, Sheria ya Udhibiti wa Ardhi inataka idhini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi kabla ya kuuza, kuhamisha, kukodisha au kuweka rehani. Ombi linafaa kupelekwa ndani ya miezi sita tangu makubaliano. Bila idhini hiyo makubaliano ni batili. Bodi hairuhusiwi kuidhinisha ardhi ya kilimo kwenda kwa asiye raia au kwa kampuni binafsi yenye mwanahisa asiye raia. Ndiyo maana miradi ya hoteli huanza kwa kuomba kubadilisha matumizi ya ardhi, na ombi hilo hushughulikiwa na kaunti chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019.

Mashamba mengi ya Kwale bado yana jina la babu aliyefariki. Mtoto mmoja hawezi kwenda kwa mwekezaji na hatimiliki hiyo kana kwamba ni yake, hata kama ndiye anayeishi hapo. Mirathi ifunguliwe kwanza, na kwa Waislamu Mahakama ya Kadhi ipo kwa ajili hiyo. Vilevile, nyumba ya ndoa haiwezi kuwekwa rehani bila idhini ya mume au mke. Mwekezaji anayeharakisha familia ipite juu ya hatua hizi anajitengenezea kesi, na anaitengenezea familia ugomvi.

Kwa ardhi ya jamii, kama ilivyo katika maeneo kadhaa ya Kinango na Lunga Lunga, Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 iko wazi. Mkataba na mwekezaji hauna nguvu mpaka uidhinishwe na theluthi mbili ya watu wazima wa jamii hiyo, katika mkutano ulioitishwa kwa ajili ya jambo hilo na uliohudhuriwa na theluthi mbili yao. Wenyekiti watatu waliokaa hotelini na kutia sahihi hawawezi kuifunga jamii. Mkataba wenyewe lazima ueleze athari kwa mazingira na watu, fidia na mrabaha, mafunzo kwa jamii, na jinsi ardhi itakavyorekebishwa mradi ukiisha au ukiachwa.

Pia tukumbuke kwamba si kila pesa ya kutoka nje inahitaji kukabidhi ardhi. Ghuba ya Gazi, kikundi cha Mikoko Pamoja kimekuwa kikihifadhi hekta 117 za mikoko tangu mwaka 2013 na kuuza hewa ya kaboni iliyohifadhiwa kwa wanunuzi wa nje. Msitu ni wa umma na wakazi wanausimamia kwa makubaliano na Huduma ya Misitu. Mapato si makubwa ukilinganisha na hoteli, lakini yameleta maji na kusaidia shule, na mikoko bado ipo. Mwaka 2017 kikundi hicho kilishinda Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa, na wenzao wa Vanga wakafuata njia hiyo hiyo.

Mwekezaji makini atakuuliza haya

Ikiwa wewe ndiye unayetafuta mtaji, iwe ni kwa hoteli, kiwanda cha nazi au nyumba za kupangisha, tayarisha karatasi zako kabla ya kubisha mlango wa mtu yeyote. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mradi bila karatasi haupati pesa.

Mwekezaji wa kweli atataka kuona hatimiliki pamoja na matokeo ya upekuzi kutoka kwa msajili wa ardhi, yakionyesha kwamba ardhi haina rehani wala zuio. Atataka ramani ya mpimaji na ripoti ya mthamini aliyesajiliwa. Atataka kampuni iliyosajiliwa, namba ya KRA, na majina ya wamiliki halisi. Atataka upembuzi yakinifu unaoonyesha gharama, wateja watakaolipa, na kitakachotokea mapato yakishuka. Atataka tathmini ya mazingira iliyoidhinishwa na NEMA pamoja na vibali vya ujenzi. Kama una biashara tayari, atataka hesabu zilizokaguliwa za miaka iliyopita.

Mthamini umchague na umlipe wewe. Thamani ya shamba ndiyo inayoamua asilimia ya hisa zako, na haifai kupimwa na mtu anayelipwa na upande wa pili. Vivyo hivyo wakili: wakili mmoja hawezi kukulinda wewe na mwekezaji kwa wakati mmoja.

Karatasi hizi zinagharimu pesa na muda. Lakini zikikamilika, mazungumzo yanabadilika. Mwenye shamba lisilo na karatasi anaambiwa bei. Aliye na karatasi kamili anaweza kukaa mezani na kusema bei yake.

Mwekezaji halipwi ili akulipe

Sasa tuje kwa wale wanaokuja bila nia ya kuwekeza. Mtindo wao unafanana. Ujumbe unaingia kwa simu au barua pepe: kuna mfuko wa nje ya nchi unaotoa mamilioni ya dola kwa miradi mikubwa, riba ni ndogo sana, dhamana haihitajiki, na majibu hutoka ndani ya siku chache. Unatuma maelezo ya mradi, na mara moja unapongezwa kwamba umekubaliwa. Kisha inakuja ada: ya usajili, halafu ya bima, halafu ya wakili, halafu ya kodi ya kutolea pesa. Kila ada ni ndogo ikilinganishwa na mamilioni yanayosubiriwa, na kila moja inasemekana kuwa ya mwisho. Pesa hazifiki.

Ni kweli kwamba mabenki na mawakili halali hutoza ada. Tofauti ni kwamba ada halali huandikwa katika barua ya masharti, hulipwa kwa taasisi yenye leseni na afisi inayojulikana, na mara nyingi hukatwa katika mkopo wenyewe. Haitumwi kwa namba ya simu ya mtu binafsi. Tena, hakuna mtu anayetoa mamilioni ya dola kwa mradi ambao hajautembelea wala hajauliza hatimiliki yake.

Tapeli wa aina ya pili huja mwenyewe, amevaa vizuri, akiwa na ramani za rangi na picha alizopigwa na viongozi. Picha na kiongozi si leseni. Anachotaka ni hatimiliki yako ya asili "ili ashughulikie vibali", au sahihi yako katika karatasi zenye nafasi wazi. Hatimiliki ya asili haitoki mikononi mwako isipokuwa kwa wakili wako au benki, tena kwa risiti.

Kabla ya kukubali, hakikisha. Anayekusanya pesa za umma kwa uwekezaji anafaa kuwa na leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, na orodha ya wenye leseni iko wazi kwa kila mtu. Wakili hutafutwa katika orodha ya Chama cha Mawakili wa Kenya. Wathamini na mawakala wa ardhi wana bodi zao za usajili. Kampuni hutafutwa kwa msajili wa kampuni kupitia eCitizen. Na ikiwa umeshatapeliwa, piga ripoti polisi au kwa Idara ya Upelelezi wa Jinai mara moja, ukiwa na jumbe zote na risiti za malipo. Aibu isikuzuie. Anayenyamaza anamwachia tapeli jirani yake.

Kabla ya kutia sahihi

Mkataba wowote wa ushirikiano usomwe mbele ya familia nzima au jamii nzima, kwa lugha wanayoielewa. Ukiwa umeandikwa kwa Kiingereza, dai maelezo kwa Kiswahili au Kidigo, na usikubali kuharakishwa. Uwe na majibu ya maswali haya:

- Hatimiliki inabaki kwa nani, na nani anaruhusiwa kuiweka rehani?
- Pesa za mwekezaji zinaingia lini, na hazikuingia kufikia tarehe hiyo kinatokea nini?
- Hisa mpya zikitolewa, je, sisi tuna haki ya kwanza ya kuzinunua, na tunapewa muda gani?
- Ni maamuzi gani hayawezi kufanywa bila idhini yetu? Angalau kuuza ardhi, kukopa na kuongeza hisa yawe miongoni mwayo.
- Nani anakagua hesabu, na tunazipata mara ngapi kwa mwaka?
- Mwekezaji akiuza sehemu yake, mnunuzi anafungwa na ahadi hizi?
- Tukigombana, tunaanzia wapi: usuluhishi au mahakama, na wapi?
- Mradi ukifa, ardhi inarudi lini na katika hali gani?

Swali moja likikosa jibu la maandishi, sahihi isubiri. Mwekezaji mwenye nia njema hatakasirika. Yeye mwenyewe ana wakopeshaji na wanahisa wanaomuuliza maswali kama hayo, na mshirika anayejua anachokifanya ni hatari ndogo kwake kuliko anayetia sahihi leo na kwenda mahakamani kesho.

Kaunti yetu inahitaji mitaji. Vijana wa Ukunda, Kombani na Msambweni wanahitaji kazi, na bajeti ya serikali peke yake haiwezi kujenga kila hoteli, kila kiwanda na kila nyumba. Afisi za kaunti zinazohusika na ardhi, mipango, biashara na uwekezaji ziko wazi kwa mwenye swali kuhusu vibali na matumizi ya ardhi, na afisi ya usajili wa ardhi iko Kwale mjini. Kuuliza kabla ya kutia sahihi kunachukua asubuhi moja. Kuitafuta ardhi baada ya kutia sahihi kunaweza kuchukua maisha ya mtu, na bado asiipate.